Chini Kushoto

Kwa miaka tisa Mwalimu Tindwa alifundisha kompyuta bila kompyuta. Alikuwa amechora skrini kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa darasa, na wanafunzi wakaikariri kama sala: kitufe cha kuanzia kipo chini kushoto.

Asubuhi hiyo zililetwa kompyuta kumi za msaada. Wazazi walijazana madirishani. Mkuu wa shule, Bi Mwanakheri, akaiwasha ya kwanza.

"Haya, Mwalimu, tuonyeshe."

Mfumo ulikuwa mwingine kabisa. Chini kushoto palikuwa patupu.

Mwalimu alisogeza kipanya hadi pale pale, akabofya. Akabofya tena kwa nguvu, kana kwamba mashine ina uziwi.

"Samahani, Mwalimu," alisema Nasriya, mwanafunzi wa dawati la mbele. "Labda hapa juu?"

Nasriya akashika kipanya, akabofya alama ambayo hakuwahi kuiona, na skrini ikafunguka. Watu wakapiga makofi. Mwalimu naye akapiga, masikio yakimwaka moto.

"Kumbe ni juu," mama mmoja alisema dirishani, wala hakusema kwa ubaya. "Wangu kila siku ananiimbia chini kushoto."

Watu walipozizunguka kompyuta, Mwalimu alichukua dasta, akaenda ukutani, akaanza kufuta. Rangi haikutoka. Akasugua kwa mikono miwili.

Mara akahisi mtu kando yake. Nasriya alikuwa amelowesha leso yake, akapiga magoti, akaanza kusugua pale chini kushoto.