Kasiksi ya fosi

Kila siku ya posho, jumamosi, nilikuwa namwanga machicha ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mu fosi ya choo, ili shimo isijae haraka. Bwana yangu Straton alikuwa anapiga kelele toka ndani: "Mama, choo njo inakunywa, miye naangalia tu!"

Namujibu: "Choo ikilewa haiimbe."

Jana tulimuzika. Watu ya kilio waliacha kidumu muzima ya kasiksi.

Leo nikafunua kifuniko ya simenti ya fosi. Machicha sikuleta. Nikamwanga kasiksi yenyewe, polepole, povu ikishuka mu giza, miye nimetega sikio upande ya nyumba.



Nikasimamisha kidumu. "Straton," nikaita, "inabaki glasi moja tu!"

Nikangoja.