Mstari Uliogoma

Tovuti iligoma tena. Maandishi yaleyale mekundu: faili halisomeki, angalia safu ya simu.

“We mdudu, nimekukosea nini?” fundi wa tovuti akaiuliza kompyuta. Dada wa meza ya jirani akacheka chinichini.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kwa kuisema. Madalali wa nyumba walikuwa wametuma jedwali la nyumba zao zote za kupangisha, naye alitakiwa kulisafisha na kuliingiza kwenye tovuti yao mpya kabla ya jioni. Lakini hilo jedwali, jamani! Aliyeliandika aliunganisha seli, vile visanduku vya jedwali, kama anayeshona viraka. Maelezo yalijaa koma, na kila koma, ikidhaniwa ni mpaka wa safu, ilisukuma mstari mzima pembeni, hata bei ikaangukia kwenye safu ya vyoo. Halafu simu sasa. Programu ilikuwa imekula sifuri zote za mbele, na namba nyingine imezifupisha na kuzitia E katikati. Faili likishahifadhiwa hivyo, namba ya mtu ndiyo imekwenda na maji.

Simu yake mwenyewe ikatetemeka mezani. Akaitazama, akasonya, akaigeuza kifudifudi.

“Nani tena?” dada akauliza.

“Mzee Kesho. Tangu asubuhi hanipi nafasi.”

Ndivyo alivyomhifadhi kwenye simu mwenye nyumba wake. Paa la chumba chao lilivuja tangu walipohamia, na kila alipolalamika, mzee alikuwa na jibu moja: mafundi wako kwenye nyumba nyingine, wakimaliza huko, kesho watakuja kwako, kijana wangu. Kesho hiyo ilishaozesha godoro. Mkewe sasa alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, analala amejikunja na ndoo ubavuni, na alishasema lake: mtoto huyu hatamleta chini ya dari ile. “Nakwenda kwa mama. Wewe baki na ndoo yako.” Hakuwa anatania. Begi lilishatolewa uvunguni.

Akarudi kwenye jedwali, akifuta koma na kurekebisha namba huku anatukana moyoni. Ndipo akaufikia mstari wa mwisho uliokuwa ukiigomesha tovuti. Vyumba viwili na sebule. Paa limeezekwa upya. Zahanati iko jirani. Na kodi, loo, karibu sawa na anayolipa kwenye kile kichujio chake! Akasoma tena, asije akawa ameburuta bei ya nyumba nyingine. Ilikuwa yenyewe. Lakini kwenye safu ya simu kulikuwa na tarakimu mbili, E, na upuuzi mwingine.

Akampigia karani wa madalali, mama mmoja anayeongea kama anakimbizwa.

“Hiyo! Imeingia jana tu,” karani akasema. “Mwenyewe alikuwa na mtu wake wa kumpa, lakini bado hajaongea naye. Ukiwahi, yako. Ila namba iko kwenye karatasi ofisini, na mimi niko huku kwa mteja. Nikirudi nakutumia.”

“Mama yangu, nakuomba, rudi upesi. Mke wangu ni mjamzito.”

“Basi hapo umepata! Mwenyewe anapenda watu wenye mtoto. Usiiweke kwenye tovuti, baba, nakutunzia.”

Akautoa ule mstari, akapakia faili upya. Likapita bila neno. Siku nyingine angepiga kelele za furaha, lakini akili yote ilikuwa kwenye simu. Akamwandikia mkewe: “Funga mizigo yote. Siyo kwa mama yako. Nyumba imepatikana.” Jibu likarudi hapohapo, alama za mioyo tu, kioo kizima.

Akangoja. Karani kimya. Akanywa maji, akasimama, akakaa. Simu ikalia, akairukia.

Mzee Kesho.

Uvumilivu ukamwishia. Akapokea, na shikamoo hakutoa.

“Mzee, nisikilize vizuri. Chumba chako nahama. Leo!”

“Kijana wangu, ngoja kwanza nikuambie—”

“Hakuna cha ngoja! Ngoja yako imetuozeshea godoro. Mke wangu analala na ndoo, wewe kila siku kesho, kesho. Huna hata haya?”

“Mwanangu, ndiyo maana nakutafuta, kuna—”

“Sitaki! Hata ungenipa jumba la bure, chini ya paa lako silali tena. Nyumba zako wape wengine!”

Mzee akasema taratibu, “Haya, baba. Nimekusikia,” akakata.

Dada wa meza ya jirani alikuwa ameacha kazi, mkono mdomoni. “Makubwa! Umemchamba mzee wa watu.”

“Kalitafuta mwenyewe muda mrefu,” fundi akasema. Kifua kilikuwa chepesi, hajapata kukisikia chepesi vile tangu mvua zianze.

Ujumbe wa karani ukaingia. Namba tupu, na yeye naye ameisahau sifuri ya mbele. Fundi akacheka peke yake, akaiongeza. Akabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine, akakohoa kusafisha koo, akaitayarisha shikamoo yake tamu kuliko zote, akapiga.

Kwenye kioo, juu ya namba, likajitokeza jina alilolihifadhi kwa mkono wake mwenyewe: Mzee Kesho.