Mkono Mmoja wa Hina

Bi Zuleha, mchora hina, alikuwa amemaliza mkono wa kushoto wa Ruzuna na ndiyo kwanza anaushika wa kulia, mama wa biarusi alipoingia na simu. Barakoa ilikuwa imemshukia kidevuni.

"Mikusanyiko imepigwa marufuku tena," alisema. "Wakwe zako wanaomba harusi isogezwe mpaka maradhi yapungue."

Ruzuna hakulia. Harusi ilipoahirishwa mara ya kwanza alilia. Mara ya pili alimbembeleza Shaibu, mchumba wake, aliyelia kwenye simu. Safari hii alichoka tu, kama mtu aliyefungiwa dirisha baada ya kupanga foleni kutwa.

"Kanawe, mwanangu, kabla haijakolea. Hina bila harusi ni nuksi."

"Ya kwanza niliiosha, mama. Na ya pili. Hii iache."

Bi Zuleha bado alikuwa ameushika ule wa kulia. "Na huu?"

"Huu utanimalizia siku yenyewe."

Jioni vyombo vilijaa karoni. Ruzuna aliviosha kwa mkono wa kulia peke yake, sufuria kwa sufuria, huku wa kushoto ameuinua juu, mbali na maji.