Kabla Albamu Haijatoka

Albamu ya rapa Kitwana ilikuwa itoke Ijumaa, lakini kwanza alitaka mama yake ausikie wimbo unaomlaumu baba kwa kuwakimbia. Studio ilikuwa imebandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Mama yake, Bi Sikudhani, alifungua kilemba, akavaa hedifoni, akasikiliza huku kidole kikipita kwenye vishimo vya trei, kimoja kimoja.

"Umeimba vizuri," alisema. "Ila baba yako hakutukimbia. Nilimfukuza mimi."

"Mama! Wimbo mzima nimeujenga hapo!"

"Basi ubomoe, mwanangu."

"Ulimfukuza kwa nini?"

Bi Sikudhani aliisogelea maiki, akaipuliza kama anayepoza uji. "Hii inasikia?"

Kitwana alibonyeza kitufe cha kurekodi. Taa nyekundu ikawaka karibu na shavu la mama yake.