Nungunungu Afundishwa Kupumua

Nyika nzima ilikuwa na mganga mmoja tu wa miba, naye ni Nungunungu. Alichokoa miba ya wenzake kwa miba ya mgongoni mwake mwenyewe, na kila alipomtibu mmoja, wake mmoja ulivunjika. Alipobakiwa na mitatu, akaenda kwa Nyati, mkuu wa nyika.

"Mzee, nimechoka. Nitafutie mwenzangu."

Nyati akaona huyo kakosa ustahimilivu tu, akampelekea Kasuku amfunze.

"Bwana mganga, fumba macho," Kasuku akasema. "Vuta pumzi. Toa pumzi. Tabasamu."

Nje, foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika mtoni. Nungunungu akavuta, akatoa, akatabasamu. Kisha akachemka.

"Kumbe dawa ndiyo hii! Basi mimi leo nalala. Wewe una mdomo mkali kuliko miba yangu. Foleni ile pale."

Akaingia shimoni, akaziba mlango kwa jiwe.

Kasuku akaanza na Tembo kwa mbwembwe. Kufika adhuhuri, mdomo umepata ufa, Punda Milia kamtandika teke, na Fisi anamtukana kwa kuchelewa. Hapo Nyati akaja kukagua.

"Mwalimu, mbona umenuna? Vuta pumzi."

"Vuta wewe!" Kasuku akafoka. "Pumzi hapa tunazo tele, mzee. Tulichokosa ni mikono. Hebu shika mguu huo!"

Nyati akashika.

Shimoni, Nungunungu aliyasikia yote. Akageukia ubavu wa pili, akaendelea kulala.