Mnyoo Aliyepelekwa Mombo

Alfajiri, kabla sijawasha taa, nilisikia kifuniko cha gilasi kikigonga meza. Binti yangu Namkunda, wa miaka sita, alikuwa akiwaangalia minyoo bapa wetu.

"Mbona wawili? Wa tatu yuko wapi?" nilimuuliza.

"Nilimpa Bibi jana alipokuja, akaenda naye Mombo kwenye chupa yake. Wa kwake wamekufa, mfereji umemfungia. Anabeba ndoo, mama, na mgongo ule!"

Nilitaka kumgombeza, nikajikuta nimemkumbatia. Kila nyumba bondeni hufuga minyoo wa kipande chake cha mto, ndani ya maji ya mfereji wake. Jicho la mfereji likiwaona wanatambaa, maji hutoka; wakifa, mfereji hujifunga. Kuwahamisha ni marufuku. Kwenye darasa la jioni tulielezwa kwamba mnyoo mgeni, siku ya kwanza, hutambaa hata kwenye maji yenye sumu.

Simu ikaita. Uso wa mama yangu ukajaa kioo, unacheka.

"Mke mwenzangu yuko wapi? Maji yametoka tangu jana! Leo nimechemsha chai, hii hapa naipoza."

"Mama, huyo mnyoo anaendeleaje?"

"Huyu mvivu? Jana katembea weee, leo kajikunja tu. Hebu mwoneni."

Akamsogeza kwenye simu. Alikuwa mweupe kama uzi. Namkunda alimtazama mnyoo, kisha akakitazama kikombe kilichokuwa kinapanda mdomoni.

"Bibi, mwaga hiyo chai," alisema.