Malaria ya Jumatatu

"Shemeji, leo nimwambie msimamizi nini?"

Rafiki wa mume wangu alisimama mlangoni, ovaroli begani. Kila Jumatatu asubuhi humpitia Laban hapa Mukuru waende kiwandani pamoja, na kila Jumatatu mimi humjibu kwamba Laban ana malaria.

Jana tukitoka kanisani nilimwambia Laban sitamdanganyia tena. Akakubali. Hata mkono alinishika.

Sasa alikuwa amelala nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu, ananuka pombe ya chang'aa, kiatu kimoja kingali mguuni.

"Sema malaria," alininong'oneza. "Mama watoto, tafadhali."

Nilishika pazia. Nililishona mwenyewe, na hakuna mgeni aliyewahi kuona upande wa kitanda. Nikinyamaza, si ni uongo uleule? Nikisema ukweli, si ataandikwa mtu mwingine mahali pake? Sikujua tena nilikuwa namlinda nani.

"Shemeji?"

"Ingia," nilisema. "Muulize mwenyewe."

Nikalivuta pazia.

Laban alijifunika uso. Aliyekuwa akitetemeka kama mgonjwa wa malaria ni mimi.